Kuikinga Lenzi na Maji ya Chumvi: Mwongozo kwa Wapigapicha wa Chomboni

Mwongozo huu ni kwa wanaopiga picha za kazi majini, kuanzia Mitwero na ghuba ya Lindi hadi Kilwa: maofisa uvuvi, vikundi vya BMU vinavyotafuta ushahidi, waandishi wa habari na waongoza wageni wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba gramu 35 hivi za chumvi. Tone likikauka kwenye lenzi, maji hupotea na chumvi hubaki. Ukiisugua kwa ncha ya fulana, chembe zake hukwaruza utando wa kioo, na mkwaruzo huo hauna dawa. Kwa hiyo usifute kamwe lenzi yenye chumvi kwa kitambaa kikavu. Kwanza pulizia chembe kwa kipulizio cha mkono. Kisha lowanisha kitambaa laini kwa maji baridi safi, kikamue, uguse kioo taratibu ili chumvi iyeyuke, na umalizie kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu. Vitambaa hivyo viwili vikae mbali na khanga ya kujifutia uso. Mwenye uwezo afunge filta ya kioo mbele ya lenzi. Ikikwaruzika, hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Mahali pa kukaa huamua mengi. Kati ya Aprili na Septemba upepo wa kusi huwa na nguvu, na chombo kinachoelekea kusini hurusha maji kutoka omo. Kaa karibu na tezi, upande wa demani, na mgongo wako uukinge upepo. Mwombe nahodha akujulishe kabla ya kupiga bisho, kwa maana tanga likigeuzwa, upande uliokuwa mkavu ndio utakaolowa. Mabaharia wakikutaka joshini kuongeza uzito, nenda bila ubishi na ufunike kamera; usalama wa chombo hutangulia picha.

Usitegemee mfuko wa rambo, uliopigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kofia ya plastiki ya kuogea huifunika kamera vizuri na huvuliwa kwa mkono mmoja. Kwa safari nzima, ndoo ya rangi iliyooshwa ikakauka, yenye mfuniko unaobana, hufaa kuliko mabegi mengi ya bei kubwa, hasa katika mashua yenye ngama. Weka taulo chini, kamera juu yake, na vipakiti vya silika pembeni. Mchele usiutumie: vumbi lake huingia kwenye viungo vya lenzi. Kubadilisha lenzi kufanyike nchi kavu.

Aliyelala kwenye chumba chenye kiyoyozi asiitoe kamera ghafla kwenye joto la pwani. Kioo baridi hushika umande papo hapo. Iache ndani ya ndoo iliyofungwa kwa nusu saa hivi, ipate joto polepole. Umande ukishatanda, subiri ukauke wenyewe.

Wanaotumia simu, hasa wanaopiga picha kwenye mashamba ya mwani maji yanapokupwa, wasidanganyike na alama ya IP68. Kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi, wala hakisemi lolote kuhusu chumvi. Simu ikilowa maji ya bahari, isuuze kwa maji baridi, ikauke kabisa kabla ya kuichaji.

Kamera isiyo ya majini ikitumbukia, izime, utoe betri na kadi mara moja. Usiiwashe kujaribu kama bado nzima, maana umeme ukikutana na maji ya chumvi huunguza saketi. Suuza kadi kwa maji baridi na uikaushe kivulini. Mara nyingi picha zilizomo husalimika. Kamera yenyewe ifikishe kwa fundi haraka, na umweleze wazi kwamba maji yaliyoingia ni ya bahari.