Motokari inayokohoa: tafuta ugonjwa mbele ya kununua dawa



Wengi wetu tunanunua motokari zilizokwisha kutumika kwa wengine. Zinafika kwetu zikiwa na miaka 20 ao 30. Siku moja moteri inaanza kukatakata: inakwenda vizuri kilomita 10, kisha inatetemeka, inakosa nguvu, halafu inapona yenyewe. Ukifika kwa fundi, ugonjwa umejificha. Fundi anabadili buji. Juma lijalo anabadili delko. Mwezi ujao pompi ya esanse. Feza zinakwisha, ugonjwa unabaki.

Jambo hili si la feza tu. Moteri inayozimika ghafula juu ya njia ya reli, ao mbele ya lori zito katika barabara ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, inaweza kuua watu wa nyumba moja. Tena, mwenye kuitafuta shida hiyo ndani ya garaji iliyofungwa anaweza kufa bila kuguswa na chuma chochote. Kwa hiyo tujifunze namna ya kutafuta, na namna ya kujilinda.

1. MBELE YA KUFUNGUA KAPO

Moshi wa moteri una hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Basi:

— Fanya kazi nje, mahali penye upepo. Mlango wa garaji uliofunguliwa hautoshi.
— Mtu akilegea karibu na moteri inayowaka, mtoe nje upesi, zima moteri, mpeleke hospitali hata akisema amepona.
— Funga breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, weka vitesi katikati.
— Ondoa saa, pete na nguo zinazoning'inia. Feni inaweza kuwaka yenyewe.
— Usishike nyaya za buji moteri ikiwaka. Umeme wake unapita volti elfu nyingi.
— Usivute sigara, na usinyonye esanse kwa mdomo katika mpira. Mtu akiimeza, msimtapishe: ikiingia katika mapafu ni hatari zaidi. Mpelekeni kwa mganga.
— Watoto wakae mbali.

2. MOTERI INATAKA MAMBO MANNE

Kila silinda inataka hewa, esanse, cheche ya buji kwa saa yake, na nguvu ya kubana hewa hiyo. Moja ikikosekana hata nukta moja, silinda ile haifanyi kazi, na wewe unasikia motokari inakohoa. Motokari nyingi za zamani hazina kompyuta ya kukuambia ni silinda gani. Macho, masikio na daftari ndivyo vyombo vyako.

3. ANDIKA NI WAKATI GANI

Ugonjwa unaokuja na kuondoka una desturi zake. Kwa juma moja, abiria aandike, si shofere: saa ngapi, moteri baridi ao moto, mvua ao jua, mlima ao tambarare, esanse nyingi ao kidogo. Kisha linganisha.

Inakohoa asubuhi ya unyevu ao siku ya mvua: shuku nyaya za buji na kifuniko cha delko, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme kwa kila buji. Ufa mdogo ukiingia maji, cheche inapotea njiani.

Inakohoa ikipanda mlima ao ikibeba mzigo: hapo hewa inabanwa sana ndani ya silinda, na cheche inataka umeme wenye nguvu zaidi ili iruke. Buji iliyochakaa inashindwa. Lakini chujio la esanse lililoziba linaleta dalili ile ile.

Inakohoa ao kuzimika ikiwa moto sana, na inawaka tena ikipoa: shuku bobini ao chombo cha umeme ndani ya delko.

Inakohoa ikipita mashimo: shuku waya uliolegea, hasa kwenye batiri na pale umeme unapofungwa kwenye chuma cha motokari.

Inakohoa ikisimama tu, katika ralanti: shuku mpira wa hewa uliopasuka, ao silinda isiyobana vizuri.

Inakohoa tanki likikaribia kwisha, ao baada ya kununua esanse ya chupa: shuku maji na uchafu.

4. TAFUTA SILINDA ILIYO MGONJWA

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya miaka ya 1990, moteri ya silinda 4 yenye delko na enjektere. Ngoja mpaka iwe inakohoa. Kuipima ikiwa nzima ni kazi bure. Moteri ikiwa katika ralanti, chomoa plagi ndogo ya umeme ya enjektere moja, sikiliza, irudishe. Fanya hivyo kwa zote 4. Ukichomoa na moteri ikalegea, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na sauti isibadilike, umempata mgonjwa.

Usichomoe nyaya za buji kwa kipimo hiki. Unaweza kupigwa na umeme, na esanse isiyoungua inakwenda katika bomba la moshi.

Sasa zima moteri, iache ipoe. Tuseme silinda ya 2 ndiyo mgonjwa. Toa buji yake, iweke katika silinda ya 3, na ya 3 uilete katika ya 2. Endesha tena. Ugonjwa ukihamia silinda ya 3, buji ndiyo mbaya. Ukibaki katika ya 2, buji haina kosa: pima waya wake. Kwa moteri hizi waya mmoja usipite omu 25,000, ukipita, ubadilishe. Waya ukiwa mzuri, angalia kifuniko cha delko, kisha enjektere, na mwisho umwombe fundi apime nguvu ya kubana.

Badili kitu kimoja tu kila mara. Ukibadili vitatu kwa siku moja, hata ukipona hutajua dawa ni ipi. Mbele ya kutoa nyaya, zitie alama: mpango wa kuwaka katika Corolla hizi ni 1, 3, 4, 2. Ukikosea, moteri itapiga mishindo, ao itakataa kuwaka.

5. SOMA BUJI

Rangi ya kahawia nyepesi ao kijivu: hali njema.
Masizi meusi makavu: esanse nyingi, ao hewa kidogo.
Imelowa esanse: cheche haikuruka.
Imelowa mafuta ya moteri kwenye ncha: moteri imechakaa ndani.
Mafuta juu, katika tundu la buji: mpira wa kifuniko cha juu umekufa. Mafuta yanaharibu kichwa cha waya, na cheche inatorokea pembeni. Ukibadili waya na kuacha mpira ule, ugonjwa utarudi.
Mstari mweusi juu ya sehemu nyeupe: umeme unapita nje. Itupe.

6. USIENDELEE KUIENDESHA HIVYO

Motokari nyingi zina katalizere, chombo cha kusafisha moshi chini ya motokari. Esanse isiyoungua inaungulia mle, na chombo kinakuwa moto sana. Wakati wa ukame, usisimamishe motokari ya namna hii juu ya majani makavu: moto unaweza kuanzia hapo.

Ikianza kukohoa safarini, usikaribie njia ya reli wala usijaribu kupita lori. Toka barabarani mapema, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma. Abiria wote washuke na kusimama mbali na barabara.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini usiwashe moteri ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi?
2. Motokari inakohoa siku za mvua tu. Utaangalia nini kwanza?
3. Umehamisha buji, ugonjwa haukuhama. Maana yake nini?
4. Ni dalili gani za sumu ya moshi ambazo mama na watoto wanapaswa kujua?

Mganga mwema anauliza mbele ya kutoa sindano. Fundi mwema naye anauliza mbele ya kushika funguo. Ukienda kwake na daftari lenye siku, saa na hali ya njia, utakuwa umemfanyia nusu ya kazi, na utalipa kitu kimoja badala ya vitano.