Mtazame Mwanao Anapoiacha Gemu

Jioni moja mpwa wangu wa miaka 13 alikuwa sebuleni akicheza gemu ya mpira na mdogo wake. Dakika za lala salama mdogo akafunga bao, akaruka kushangilia. Kufumba na kufumbua, pedi ya kuchezea ikagonga ukuta na kibao kikatua shavuni mwa mdogo mtu. Dada yangu akatoka jikoni mbio: "Ni haya magemu yao ya kuuana!" Lakini jana yake mtoto huyo huyo alikuwa amecheza gemu ya kupigana risasi kwa saa nzima, akaizima huku akicheka, akaenda kuoga. Kilichompandisha mori ni mpira.

Hofu ya dada yangu ni ya wazazi wengi, na haikutoka hewani. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti mwaka 2015 na tena 2020. Kiliona kwamba gemu za vurugu zina uhusiano mdogo, ila unaojirudia, na ukali kama kufoka na kusukumana. Ushahidi wa kuzihusisha na uhalifu wa kikatili haukutosha. Mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao kuhusu tabia zao. Uhusiano haukuonekana.

Nchini Kanada, Paul Adachi na Teena Willoughby waliligeuza swali mwaka 2011: ni vurugu, au ni ushindani? Waliwachezesha watu gemu mbalimbali, kisha wakawapa kazi ya kumwandalia mtu mwingine pilipili, wakijua kwamba mtu huyo hapendi vitu vikali. Waliotoka kwenye gemu za ushindani mkali ndio waliozidisha pilipili, hata kama gemu yenyewe ilikuwa ya mbio za magari.

Kwa hiyo usiishie kuhesabu damu kwenye skrini. Tazama mtoto anaiachaje gemu, maana dalili ya mvua ni mawingu. Fanya hivi:

1. Weka daftari la wiki mbili. Andika amecheza gemu gani, na nani, saa ngapi, na dakika 10 baada ya kuzima alikuwaje. Alimjibuje mdogo wake? Alikula? Baada ya wiki mbili utajua kama tatizo ni gemu fulani, mwenzake fulani, au saa fulani ya usiku. Ukikataza bila kujua hilo, utaondoa gemu na hasira itabaki.

2. Kaa ucheze naye. Mwombe akufundishe, hata kama vidole vyako ni vizito. Muulize, "Huyu unayempiga amekukosea nini?" na umsikilize bila kuhukumu. Kisha omba kuvaa spika zake za masikioni. Katika gemu za mtandaoni watoto huzungumza na watu wasiowajua, na matusi ya mtu mzima asiyeonekana yanaweza kumwumiza mtoto kuliko risasi za kuchora.

3. Soma umri, halafu nenda kibandani. Kwenye makasha ya gemu za Ulaya kuna namba 3, 7, 12, 16 au 18, nayo ni umri unaofaa. Grand Theft Auto V, kwa mfano, ina 18, kwa hiyo si ya mtoto wa darasa la sita. Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani mara nyingi kasha hulioni, basi mpitie mwenye kibanda, msalimie, umwulize watoto wanacheza nini na wanakaa na nani. Uliza pia kama wanawekeana dau. Aliyepoteza hela ya nauli kwenye mechi atarudi nyumbani na hasira ambayo haikuletwa na bunduki ya kwenye skrini.

4. Patana naye kwa raundi, si kwa dakika. Raundi moja ya Free Fire huchukua kama dakika 10. Ya PUBG Mobile inaweza kufika nusu saa, na haisimamishwi katikati. Ukimnyang'anya simu wenzake wakimtegemea, unamgombanisha nao na wewe pia. Mwambie mapema, "Raundi mbili, halafu tunakula." Zikiisha, usiongeze ya tatu hata akikubembeleza.

5. Mfundishe kufungwa. Chagueni kanuni wakati wote mmetulia: aliyefungwa anaweka pedi mezani, anasimama, anakunywa maji, ndipo anaongea. Anayerusha pedi au kuinua mkono amemaliza kucheza siku hiyo. Kanuni hiyo iwahusu wote, baba naye akiwemo anapotazama timu yake ikifungwa.

6. Linda usingizi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Aliyekesha na simu chini ya shuka ataamka na hasira hata kama gemu yake ilikuwa ya kupanga matofali. Simu zote za nyumbani zilale sehemu moja, sebuleni au chumbani kwa wazazi.

7. Usimchape kwa sababu ya gemu. Unamwambia kwamba kupiga si njia ya kumaliza ugomvi, na mkono wako unamwambia kinyume. Atauamini mkono.

Zipo dalili zinazohitaji msaada zaidi: anatishia watu, anaumiza wanyama, anatembea na kisu, au amejitenga ghafla na rafiki zake wote. Hapo usiitupie gemu lawama ukaishia hapo. Chunguza kama anaonewa shuleni, kama nyumbani kuna kipigo, kama kuna msiba ambao hajaulilia. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua ugonjwa wa gemu: mtu hushindwa kujizuia, huitanguliza gemu mbele ya mambo mengine, na huendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Zungumza na mwalimu wake, mpeleke kituo cha afya, au kwa Tanzania na Kenya piga 116, simu ya msaada kwa watoto.

Dada yangu hakuichoma moto ile pleisteisheni. Alianza na daftari, na ukurasa kwa ukurasa likamwonyesha jambo moja: kijana hulipuka akifungwa na mdogo wake, hasa usiku. Mechi zao zikahamia alasiri, na kanuni ya maji ikaanza.

Wiki iliyopita nilikuwepo alipopigwa mabao manne kwa moja. Midomo ilimtetemeka. Aliiweka pedi mezani taratibu, akatoka, akakaa barazani peke yake kwa muda. Mdogo wake alimfuata na kikombe cha maji, akakaa kando yake bila kusema neno. Baadaye waliingia pamoja wakiuliza chakula kiko tayari.