USINGIZI AU HATARI? HESABU PUMZI!

Kijana mwenzangu wa Mombo, barabara yetu unaijua. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yanapita hapa mchana kutwa. Sasa fikiri: basi limesimama, abiria wameshuka, mmoja kabaki kitini anakoroma. Konda anamtikisa, haamki. Huyu anasema, "Mwacheni, kachoka." Yule anasema, "Kawekewa dawa kwenye juisi, mpeni maziwa." Je, wewe ungefanya nini?

Kabla ya kujibu, tujifunze kwa paka.

PAKA MEZANI

Daktari wa mifugo akitaka kumfunga paka uzazi, kwanza humchoma sindano ya usingizi. Paka aliyetulia hupumua kama mara 20 hadi 30 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 140 hadi 220. Dawa kama zailazini ikiingia, moyo hupunguza mwendo na pumzi huwa chache. Ketamini ni tofauti kidogo: huuchangamsha moyo na haizuii sana pumzi, ndiyo maana hutumika hata kwa watu katika hospitali za wilaya. Lakini dawa iwe ipi, daktari hamwachi paka peke yake. Anatazama kifua, anasikiliza moyo, anaangalia ufizi. Ufizi ukiwa wa bluu, hewa haitoshi.

NA MTU JE?

Ni hivyo hivyo. Sehemu ndogo ya chini ya ubongo, karibu na kisogo, ndiyo inayoamuru mapafu yavute hewa tukiwa tumelala. Vidonge kama Valium, pombe na heroini vyote huizubaisha. Vikichanganywa, hatari huongezeka sana. Pumzi zinapungua, oksijeni inapungua kwenye damu, mwisho moyo nao unasimama. Ulimi pia hulegea na kuziba koo. Mkoromo ule si raha ya usingizi!

Wapo vijana wanaomeza vidonge na bia "kutuliza mawazo". Jamani, daktari wa paka hupima uzito kwanza ndipo apime dawa. Wewe umepima nini?

FANYA HIVI

1. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Haamki? Tazama kifua. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikiwa chini ya 10, au midomo kwa ndani na kucha zimekuwa za bluu, hakuna muda wa kupoteza.

2. Kama anapumua, mlaze ubavu, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke.

3. Usimpe maziwa, maji wala chai. Asiyejitambua hawezi kumeza vizuri, kitaingia mapafuni. Usimtapishe.

4. Mpelekeni upesi Kituo cha Afya Mombo. Msikubali asafirishwe hivyo hivyo mpaka Same. Chukueni na vidonge au chupa mliyoiona.

5. Asipopumua, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua mara 30, mpulizie pumzi 2, rudia mpaka msaada ufike.

ZOEZI

Leo usiku hesabu pumzi za mtu mzima aliyelala nyumbani, dakika moja kamili. Umepata ngapi? Wafundishe na wenzako wa stendi, maana wao ndio watakaomwona abiria huyo kwanza.