Usimhamishe Mama Mdogo kwa Sababu ya Mbu

Leo nina ujumbe mmoja tu, na nimeamua upate nafasi yote. Umetoka kwa binti anayeishi Mwanza. Mama yake mdogo, ambaye anatumia ARV, amekuja kukaa nao, na mwanzoni wawili hao walilala chumba kimoja. Kisha mtu hapo nyumbani akasema: mbu akimuuma huyu halafu akamuuma mwingine, si anahamisha virusi? Mama mdogo akapelekwa kulala chumba cha uani, peke yake. Binti anauliza: "Dada, ni kweli? Maana mimi nimeshaumwa sana."

Si kweli, mdogo wangu. Mbu haambukizi VVU. Hata akitoka kumuuma mama mdogo sasa hivi akatua mkononi mwako, hakuambukizi.

Naelewa kwa nini swali hili haliishi. Tangu shule ya msingi tunafundishwa kwamba mbu huchukua malaria kwa mtu mmoja akaipeleka kwa mwingine. Tunafundishwa pia kwamba VVU vimo kwenye damu. Ukiyaweka pamoja hayo mawili, hofu inakuja yenyewe. Basi tumtazame mbu mwenyewe.

Anayeuma ni jike, anayehitaji damu kwa ajili ya mayai yake. Wengi humdhania kuwa kama bomba la sindano lililokwisha kutumika, linalovuta damu huku na kuimwaga kule. Sivyo alivyoumbwa. Ndani ya mdomo wake mwembamba mna njia mbili zilizotengana: moja huteremsha mate kwenye ngozi yako, ndiyo hayo yanayowasha, na nyingine hupandisha damu kwenda tumboni mwake. Damu ya aliyeumwa kabla yako haitapikwi mwilini mwako. Kimelea cha malaria kinafanikiwa kwa sababu mbu ni nyumbani kwake. Hupenya ukuta wa tumbo, hukua humo siku kumi au zaidi, kisha huhamia kwenye tezi za mate na kungoja. VVU haviwezi safari hiyo. Ili vizaliane vinahitaji seli za kinga za binadamu, zile zinazoitwa CD4, na mbu hana. Vikiingia tumboni mwake husagwa pamoja na damu. Na damu inayobaki mdomoni ni chembe ndogo mno, haitoshi kumwambukiza mtu. Je, yule mbu aliyeshiba unayempiga kofi ukutani, damu ikakubaki kiganjani? Nawa mikono, ulale.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwa watu. Kumbuka Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, na Rakai, ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Waliozikwa zaidi walikuwa vijana na watu wazima, akina baba na akina mama. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, waliokuwa wamelala chini ya mapaa hayohayo na kuumwa na mbu haohao. Watoto wachanga walioambukizwa walipata virusi kwa mama: katika ujauzito, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Marekani nako, katika mji wa Belle Glade, Florida, miaka ya 1980 watu waliwashuku mbu hivyohivyo. Watafiti walipopima wakazi, hawakukuta maambukizi kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na mbu huko hawachagui umri.

Sasa nikuulize kwa upole, tena bila kukuhukumu. Mara nyingi anayeniuliza habari za mbu ana swali jingine analoona haya kulitamka. Kama kuna siku ulilala na mtu bila kondomu, au mlichangia wembe au sindano, hilo ndilo la kuhangaikia. Ikiwa hayajapita masaa 72, nenda kituo cha afya leo hii, ueleze ukweli. Kuna dawa za kuzuia maambukizi zinazomezwa kwa siku 28, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake. Ikiwa muda umepita, kapime, na urudie kipimo baada ya miezi mitatu. Jihadhari pia na homa. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, uchovu na maumivu ya mwili, wakasema ni malaria tu, wakanunua dawa mseto dukani. Homa hiyo huisha yenyewe, virusi vinabaki. Kipimo cha malaria kikisema huna, usimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Omba na kipimo cha VVU.

Nirudi kwa mama mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa bila kosa. Kula naye, kuchangia choo, kumkumbatia na kulala naye chumba kimoja, hakuna hata moja linaloambukiza. Akimeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hata kwa kujamiiana hamwambukizi mwenzake. Chandarua ni kweli anakihitaji, tena kizima kisicho na tundu, ila sababu ni kinyume cha mliyoifikiria: malaria humkamata vikali zaidi mtu ambaye kinga yake imeshuka. Mbu ni hatari kwake kuliko alivyo yeye kwenu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wasomee wakubwa wako maneno haya leo jioni, mama mdogo akiwepo. Mwombeni radhi, mrudisheni chumbani, mfungieni chandarua chake. Wewe nawe kesho nenda kituo cha afya cha serikali ukapime. Ni bure.