Kazaliwa Jeddah, anaomba mkopo Tanga

Barua ya uthibitisho wa cheti cha kuzaliwa imetoka! Binti yangu aliipiga picha akanitumia nikiwa zamu ghalani hapa Riyadh. Niliisoma jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, kabla sijamjibu. Vyote vimelingana. Nawaandikia wazazi wenzangu mlioko huku, ambao watoto wenu wamezaliwa hospitali za Saudia na sasa wanaomba mkopo wa elimu ya juu nyumbani. Mimi sikupata wa kunielekeza, na msimu mzima wa maombi nusura uteketee kwa herufi mbili tatu.

Hali yetu wengi ni moja. Julai 2017 ilianza ada ya wategemezi, riyali 100 kwa mwezi kwa kila mmoja, ikawa inapanda 100 kila mwaka hadi ikafika 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto watatu ni riyali 1,600 kila mwezi kabla hajanunua mchele. Familia zikafunga mabegi zikarudi Tanga na Unguja, akina baba tukabaki na ikama zetu, yaani vibali vya ukaazi. Watoto wale walioondoka na miaka kumi na mbili ndio hawa wanaomaliza kidato cha sita.

Mwongozo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) uko wazi. Aliyezaliwa Bara cheti chake kinahakikiwa na wakala wa usajili wa vizazi (RITA), wa Zanzibar anakwenda kwa wakala wa kule (ZCSRA), na aliyezaliwa nje ya nchi anatakiwa awe na barua ya uthibitisho kutoka mojawapo ya taasisi hizo. Kwa mtoto wa Jeddah, barua hiyo ndiyo safari yenyewe. Akaunti ya OLAMS (mfumo wa Bodi wa maombi mtandaoni), namba ya NIDA ya mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa, muhuri wa kamishna wa viapo: yote yameelezwa kwenye mwongozo, mtoto wa kidato cha sita anayaweza. Ila msimkabidhi kijana wa stashenari afungue akaunti kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Wapo wanaofanya hivyo, na siku nywila ikihitajika, mtoto anaanza kumsaka mtu mtaani. Hilo linaniudhi sana, maana mtoto analipa ili afungiwe mlango wake mwenyewe.

Sasa cheti, ambacho barua hiyo inakitegemea. Cha binti yangu kilitolewa na Ahwal Madaniya (idara ya Saudia ya usajili wa raia), kwa Kiarabu, na tarehe ya kuzaliwa ni 9 Safar 1427. Kinahitaji mihuri ya huku, tafsiri ya Kiingereza kutoka ofisi yenye leseni, kisha muhuri wa ubalozi wetu Riyadh au ubalozi mdogo wa Jeddah. Nikaenda Batha, ambako ofisi za tafsiri zimebanana na maduka ya simu na ya kutuma fedha. Niliyoingia siitaji. Kijana wa kaunta alichukua cheti, akanipa risiti, akasema "mafi mushkila, bukra", yaani hakuna shida, kesho. Bukra ikazaa bukra nyingine. Kila nikifika, mwenye kusaini hayupo, au karatasi yenye nembo imekwisha. Nilimwonyesha pasipoti ya mtoto ili aangalie majina. Akairudisha bila kuifungua, akasema yeye anatafsiri kilichoandikwa.

Na kweli alitafsiri kilichoandikwa. Kiarabu hakiandiki irabu fupi, kwa hiyo mfasiri ndiye anayezijaza, na anazijaza kwa masikio yake. Rukia wa cheti cha kidato cha nne akatoka Ruqayyah. Babu yake Hamisi akawa Khamees. Jina la ukoo likaongezewa "Al" ambayo kwetu Tanga hakuna aliyewahi kuisikia. Tarehe nayo ikawa 10 Machi 2006, wakati pasipoti na kumbukumbu zote za shule zinasema 9 Machi. Nyumbani, ofisi ya kutoa barua ya uthibitisho ikakataa jalada, na siwalaumu. Kwa karatasi zile, aliyezaliwa Jeddah na aliyefanya mtihani Tanga walikuwa watu wawili.

Tarehe ilinisumbua kuliko majina, kwa sababu kijana wa Batha aliapa kuwa kompyuta haikosei. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja Myemeni mwenye ofisi ndogo ya tafsiri upande wa Bab Makkah, Jeddah. Nilimfuata kwa kuelekezwa na Wazanzibari wakongwe wa pale. Kabla hajakigusa cheti aliuliza, "Pasipoti ya mtoto iko wapi?" Nilitamani kumkumbatia. Akanieleza kuwa programu nyingi za kubadili Hijria kwenda Miladia hupiga hesabu ya jedwali, mwezi wa siku 30 ukifuatiwa na wa siku 29, ilhali serikali ya Saudia hutumia kalenda ya Umm al-Qura. Muharram ya 1427 kwenye jedwali ina siku 30. Kwenye Umm al-Qura ilikuwa na 29. Ndiyo maana 9 Safar ya jedwali inaangukia 10 Machi, na ya Umm al-Qura 9 Machi, siku mke wangu aliyojifungua.

Basi, siri iko hapa, na mkisahau mengine yote shikeni hili. Kabla mfasiri hajabonyeza herufi moja, mpeni karatasi mliyoichapa wenyewe. Juu, majina yote ya mtoto kama yalivyo kwenye cheti cha Baraza la Mitihani (NECTA), herufi kwa herufi, mpangilio ule ule. Chini yake majina ya baba na ya mama kama yalivyo kwenye pasipoti au kitambulisho cha NIDA. Kando ya kila jina, andikeni lilivyo kwa Kiarabu kwenye cheti, ili aone ni mtu yule yule. Kisha tarehe mbili, ya Hijria na ya Miladia kwa Umm al-Qura, na mwambieni azitaje zote mbili kwenye tafsiri. Ambatanisheni kopi ya pasipoti. Ombeni rasimu kwa simu kabla hajapiga muhuri, maana muhuri ukishagonga kila marekebisho yana bei. Anayekataa kutoa rasimu, chukua cheti chako uondoke hata kama umeshamlipa nusu. Mzee wa Bab Makkah alinitumia rasimu bila kuombwa, akasubiri jibu langu, akachapa. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya Batha na ningemlipa mara mbili.

Kuhusu muda, nitasema kwa kifupi. Saa za Riyadh na Dar es Salaam ni zilezile, lakini tangu 2013 mapumziko ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo siku ambazo ofisi za pande zote mbili ziko wazi ni Jumatatu hadi Alhamisi. Angalieni pia Hija. Mwaka 2025 Iddi Kubwa iliangukia 6 Juni, ofisi za serikali zikafungwa siku nyingi, na dirisha la mkopo nalo hufunguliwa kipindi hichohicho cha katikati ya mwaka. Anayesubiri matokeo ya kidato cha sita mwezi Julai ndipo atafute mfasiri anajitesa. Cheti cha kuzaliwa hakisubiri matokeo.

Mdogo wake Rukia alizaliwa hapa Riyadh mwaka 2009, na sasa yuko kidato cha tatu. Tafsiri yake imekwisha, imetoka Jeddah kwa mzee yuleyule, na mwalimu wa taaluma ameshapewa kopi pamoja na ya pasipoti, ili majina yatakayosajiliwa mtihani wa kidato cha nne yawe ndiyo hayohayo. Nimemwomba atutumie orodha ya usajili tuisome mimi na mama yake kabla haijaenda NECTA.