Nondo wa viazi: maisha yake, mimea yake na haki ya mnunuzi



Ndugu zangu, somo la leo ni la mdudu mdogo anayegusa sahani zetu sote. Viazi vya Busasamana, Bugeshi na Mudende hushuka kila siku hadi Gisenyi, na vingine huvuka mpaka kwenda Goma. Baadhi yetu tunasoma kwa karo iliyotoka shambani humo, nami ni mmoja wao. Adui wa zao hilo ni nondo wa viazi, kwa jina la kisayansi Phthorimaea operculella. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kama ilivyo asili ya kiazi chenyewe.

Nondo mzima ana urefu wa sentimita 1 hivi na rangi ya kijivujivu. Mchana hujificha kwenye majani, huanza kuruka jua linapotua. Yeye hatoboi kiazi. Anayeharibu ni kiwavi wake. Maisha yake yana hatua nne.

Kwanza ni yai. Jike hutaga mayai mengi madogo chini ya majani, au juu ya kiazi kilicho wazi, karibu na macho yake. Penye joto huanguliwa baada ya siku 5 hivi.

Pili ni kiwavi. Huchimba njia ndani ya jani, au huingia kwenye kiazi na kula kwa wiki 2 au 3. Dalili yake ni kinyesi cheusi mdomoni mwa tundu.

Tatu ni bundo. Kiwavi aliyeshiba hutoka, akajifunga uzi kwenye udongo, majani makavu, au mikunjo ya gunia.

Nne ni nondo, na mzunguko huanza upya. Penye joto mzunguko wote huchukua mwezi mmoja hivi. Penye baridi hurefuka sana. Ndiyo maana gunia lililotulia huko juu kwenye baridi ya volkano linaweza kuharibika upesi likikaa wiki kadhaa huku chini ziwani.

Mbali na viazi, nondo huyu huishi kwenye ndugu za kiazi: nyanya, bilingani, tumbaku na hata mnavu unaojiotea. Kwa hiyo viazi vilivyosahaulika shambani baada ya mavuno, pamoja na magugu ya jamii hiyo, humtunza mpaka msimu ujao.

Tumkate wapi? Kiwavi mchanga hana nguvu ya kupenya udongo mzito. Hufika kwenye kiazi kupitia nyufa, au pale mvua ilipokifukua. Kwa hiyo mkulima apandishe udongo vizuri kwenye matuta, avune mapema viazi vikishakomaa, na asiviache shambani usiku kucha, maana huo ndio wakati wa kutaga. Wengine hufunika viazi vilivyovunwa kwa majani ya viazi vilevile. Hapo huwa wamempelekea kiwavi chakula kipya. Ghalani, chambua vilivyotobolewa na usafishe magunia kabla ya kuyatumia tena. Viazi vya mbegu vinaweza kufunikwa kwa majani makavu ya lantana yaliyopondwa, kwani harufu yake humfukuza nondo. Viazi vya kula visipakwe dawa ya sumu.

Limebaki jambo la soko. Kiazi chenye yai au kiwavi mchanga huonekana kizima. Mnunuzi hajui, muuzaji aliyechambua gunia anajua. Katika Sahihi Muslim, Abu Hurayra anasimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa. Alimtaka muuzaji akiweke juu kile kilicholowa, watu wakione, na akakemea udanganyifu. Kwangu mimi, gunia lenye viazi vizuri mdomoni na vilivyotobolewa katikati ni rundo lile lile.

Aliyesoma somo hili hawezi tena kusema hakujua maana ya kinyesi cheusi kwenye jicho la kiazi. Likizo hii, mkirudi nyumbani, kaeni na wazazi mchambue gunia moja pamoja. Vilivyotobolewa viwekwe kando, na vikiuzwa, viuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Wabillahi tawfiq.