Rangi ya Gram si ya Kukariri Tu

Wengi tunaingia kwenye pepa la mikrobiolojia na orodha ndefu kichwani: huyu Gram chanya, yule Gram hasi, basi. Wiki mbili baadaye yote yameyeyuka. Madesa yanatupa rangi bila kutuambia inatoka wapi.

Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alichapisha mbinu hii mwaka 1884 akiwa Berlin. Siku hizi unapaka bakteria rangi ya zambarau, unaweka iodini, unaosha kwa alkoholi, kisha unamalizia na rangi nyekundu. Kwenye alkoholi ndiko kwenye kazi. Bakteria mwenye ukuta mnene wa peptidoglikani anaing'ang'ania zambarau. Huyo ni Gram chanya. Mwenye ukuta mwembamba, uliofunikwa na utando wa nje, anaiachia, halafu anachukua ile nyekundu na kuonekana wa waridi. Huyo ni Gram hasi.

Kwenye zambarau wamo Staphylococcus aureus wa majipu, Streptococcus pneumoniae wa nimonia na Clostridium tetani wa pepopunda. Kwenye waridi wamo Vibrio cholerae wa kipindupindu, Salmonella Typhi wa homa ya matumbo, Neisseria gonorrhoeae wa kisonono, na E. coli anayesumbua sana njia ya mkojo, hasa kwa akina dada.

Sasa shika hapa. Ule utando wa nje ni kizuizi kweli. Vankomaisini ni molekuli kubwa, haipenyi, kwa hiyo mbele ya Gram hasi haifui dafu. Penisilini na ndugu yake amoksilini zinavuruga ujenzi wa ukuta. Mycoplasma pneumoniae naye anasababisha nimonia, lakini hana ukuta kabisa! Mwenzako hosteli anakohoa, unamgawia amoksilini zilizobaki kwenye droo: kama ni huyu, atameza mpaka zimwishie na kikohozi kiko palepale.

Wengine hawaingii vizuri kwenye mpango huu. Mycobacterium tuberculosis wa kifua kikuu ana ukuta wenye nta nyingi, rangi ya Gram haimkamati sawasawa. Anatafutwa kwa mbinu ya Ziehl-Neelsen, anabaki mwekundu hata akioshwa kwa asidi. Treponema pallidum wa kaswende ni mwembamba mno, kwa darubini ya kawaida humwoni, ndiyo maana tunapima damu. Ila ukuta anao, na penisilini bado ndiyo dawa yake.